Mama Kwenye Mashine ya Luat

Mama yangu aligombana na picha ya baba kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kugombana na baba mwenyewe.

Baba alifariki nikiwa mdogo, na picha pekee aliyoiacha ilikuwa ya kitambulisho, imechujuka. Ikapelekwa kwa mchoraji mmoja hapa hapa Sa Dec, mji wetu wa kusini mwa Vietnam, aikuze kwa brashi. Mchoraji alipofika kidevuni akakuta hakuna cha kunakili, akatia kidevu alichokipenda yeye: kipana, kizito, cha mtu mwenye mashamba. Baba hakuwa na kidevu kile wala hayo mashamba. Lakini maziko hayasubiri. Picha ikaingia kwenye fremu, ikatangulia mbele ya jeneza, ikarudi nyumbani na kupanda kwenye meza ya marehemu, na haikushuka tena. Kila siku ya kumbukumbu ya kifo chake mama alipika, akapanga mabakuli mezani, akawasha udi, halafu akaitazama ile picha na kusema, "Kula, mume wa watu. Ukimwona wangu huko, mwambie chakula kipo."

Sisi watoto tulicheka. Mama hakucheka.

Ndiyo maana, uzee ulipoanza kumpigia hodi, alitaka picha ya meza yake ipigwe mapema, kama wazee wetu wafanyavyo, na iwe yeye mwenyewe hasa. Mama alikuwa akiuza supu ya tambi karibu na daraja la soko tangu sijazaliwa. Kope ya jicho lake la kushoto iliangushwa na homa ya utotoni, haikuinuka tena, na kwenye kona ya mdomo alikuwa na kidoa cheusi kama punje ya pilipili manga. Soko zima lilimjua kwa vitu hivyo viwili, na kwa ulimi wake.

"Usinifute hata kunyanzi moja," aliniambia. "Kope iache ilale hivyo hivyo. Kidoa kiache. La sivyo mtakuwa mnamlisha mama wa watu, na mimi nimesimama mlangoni na njaa yangu. Sitaki."

Aliniambia mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ninasafisha picha kwenye studio ya Luat: namwondolea bwana harusi chunusi, namkausha jasho bibi harusi, nafuta nyaya za umeme zinazopita juu ya vichwa vya wakwe. Luat nilisoma naye shule moja, mimi mbele, yeye nyuma. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika.

Mwaka ule alinunua kamera mpya ya kuwatisha washindani wake. Picha moja ya kamera ile ilikuwa nzito kuliko albamu nzima ya ile ya zamani. Na sisi tunapiga picha ghafi, yaani picha ambayo bado haijapikwa: kila kilichoingia kwenye jicho la kamera kimo, ni juu yangu kuamua kipi kionekane. Ndiyo utamu wake na ndiyo uzito wake. Lakini mashine yangu, kompyuta ya kazi, ilikuwa ile ile ya miaka, yenye memori ya kuandikia barua. Nikifungua picha, unakuja kwanza ukungu, rangi tupu zisizo na mpaka. Nasubiri. Feni inalia. Ukungu unapungua taratibu mpaka uso unatokea. Nikipaka brashi shavuni, mkono wangu unamaliza, ndipo brashi inaanza kutembea kwenye skrini, kama mtu anayechelewa kuelewa utani. Bibi harusi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni yangu aliniuliza kwa upole kama nina ganzi.

"Luat, ongeza memori," nilimwambia.

"Mashine nzima hiyo, dada Thoa."

"Nzima kama nyati aliyelala."

"Basi mwamshe. Wewe unafungua vitu vingi kwa pamoja."

Siku chache baadaye gari likashusha tangi la vioo, na ndani yake samaki joka, mwekundu, mrefu kama mkono wangu, wa kuvuta bahati. Tangi likawekwa kando ya meza yangu. Mkia wa samaki yule peke yake ungenunua memori ya mashine zote za studio. Alikula panzi hai. Nikawa nakaa pale nasubiri ukungu uondoke, na yeye anapita mbele yangu na kurudi, akinitazama kwa dharau.

Mama alikuja studio akiwa amevaa ao dai, kanzu yetu ndefu ya heshima, ya zambarau, mpya, na viatu vya kudariziwa. Picha ya meza ni kichwa na mabega tu, lakini yeye alikataa kukaa kwenye kiti.

"Nipige nimesimama. Viatu vionekane."

"Mama, viatu havitaingia kwenye fremu," Luat akamwambia.

"Wewe piga. Nimevinunua."

Luat akacheka. "Sawa, mama. Kamera hii, hata nikikupiga mzima kutoka kule mlangoni, nikikata uso peke yake naweza kuubandika kwenye bango la barabarani."

"Bango la mimi natangaza nini? Kope?"

Baadaye akaja kukaa pembeni yangu ajione. Nikafungua picha. Ukungu.

"Mbona nimekuwa moshi?"

"Subiri, mama. Memori ndogo."

"Ndiyo nini?"

Nikamwambia memori ni kama meza yake pale darajani. Meza ikiwa kubwa, tambi, mboga, pilipili na mabakuli vyote viko mbele yako, unapakua huku unapiga soga. Meza ikiwa ndogo, kila mteja akija inabidi uinuke uende kabatini, na foleni inakua. Mama alielewa hapo hapo. Akageuka.

"We Luat! Mwanangu unamfanyisha kazi juu ya kigoda, samaki umemjengea jumba?"

"Samaki analeta wateja, mama."

"Wateja wanakuja kupigwa picha au kuvua?"

Tulikuwa bado tunacheka ukungu ulipoondoka. Nikaukuza uso mpaka ukajaa skrini, nikasubiri tena, na ukaja tena, safi. Nywele moja moja. Kope imelala mahali pake. Kidoa, na hata kinywele kimoja kilichoota juu ya kidoa. Mama akasogeza uso mpaka karibu aguse skrini.

"Ndiye," alisema mwishowe. "Huyu nikikutana naye njiani namsalimia."

Nilitaka kuichapisha siku ile ile. Akakataa kata kata. Alisema ikikaa kabatini itakuwa inamtazama kila akitafuta shati, aanze kujionea huruma bure. "Iache humo humo. Nikifa utaitoa." Kuitoa mwenyewe nisingeweza, maana Luat alikwisha kuziba kwa gundi matundu ya kuchomekea flashi za kubebea picha kwenye mashine zote, tangu fundi mmoja alipoondoka na picha za wateja na kwenda kufungua studio yake ng'ambo ya mfereji. Lakini kwa nini niwe na wasiwasi? Ukutani, kwa herufi za dhahabu, pameandikwa: PICHA ZAKO SALAMA KWETU MAISHA YOTE. Maandishi yale niliyapanga mimi.

Msimu wa harusi ulipokaribia, wateja walianza kulalamika kwamba albamu zinachelewa. Nikasema tena memori. Luat akaenda kukaa na simu yake, akarudi ameshika jibu.

"Dada Thoa, tatizo si memori. Tatizo ni akili. Programu inaweza kutengeneza nakala ndogo ya kila picha. Unafanya kazi kwenye nakala, zile kubwa zinapumzika."

Hilo nililijua, na nilijua pia kwamba nakala zile zinafaa kwa harusi ya kutazamwa kwenye simu, basi. Tukazitengeneza. Na kweli, mashine ikaruka. Picha zilifunguka papo hapo, brashi ikafuata mkono. Luat akatembea studio nzima kama aliyevumbua umeme.

"Zile kubwa zisiguswe," nilimwambia. "Hizi ni za kufanyia kazi tu. Picha zenyewe ni zile."

"Sawa, sawa," alijibu, macho yake kwenye samaki.

Mama alianguka asubuhi moja akiosha mboga. Kiharusi kilimpinda uso upande ule mwingine, upande uliokuwa mzima, na hakusema tena. Alikaa hivyo wiki kadhaa, akitutazama, halafu akaenda. Mdogo wangu Trieu, ambaye ndiye aliyebaki na nyumba, akamleta mtaalamu wa kuchagua saa zenye heri. Saa ya kuufunga mwili kwenye jeneza ikapangwa kuwa mchana ule ule, na wapiga muziki wa msiba walishaanza kushusha ngoma zao uani.

"Dada, picha," Trieu aliniambia.

"Ipo," nilisema. Nakumbuka nilivyosema, kwa raha kabisa, katikati ya kilio. Kila kitu kingine kilikuwa kimeharibika, lakini hicho kilikuwa kimepangwa. Nikapanda pikipiki nikaenda studio.

Picha ilifunguka mara moja. Mama amesimama, zambarau, viatu. Nikaukuza uso. Ukungu. Nikaondoa mkono kwenye kipanya nikasubiri, kama nilivyozoea. Feni haikulia. Nikasubiri. Samaki akapita, akarudi. Ukungu haukuondoka. Ndipo nikaona pembeni ya picha ile alama ya mshangao ambayo programu huiweka pale inapotafuta picha yenyewe na kuikosa.

"Luat," nikaita. "Zile kubwa ziko wapi?"

"Zipi?"

"Picha zenyewe."

"Si hizo mbele yako?"

"Hizi ni nakala, Luat."

Akaja akasimama nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake inabadilika.

"Diski ilijaa, dada. Harusi zilikuwa mlangoni. Nilijua zipo mara mbili. Niliangalia kabla ya kufuta, naapa, nilifungua moja moja. Zote zilifunguka."

Zilifunguka, ndiyo. Zilifunguka haraka kuliko zilivyowahi kufunguka, nzuri, zenye rangi, na alizifungua ndani ya programu ile ile iliyokuwa ikimwonyesha nakala. Tulijaribu kuzifufua kutoka kwenye diski. Mahali pake palikuwa pamekwisha kulaliwa na picha za maharusi wa msimu mzima. Uso wa mama kwenye nakala ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukiuacha hivyo, ni yeye, hata mtoto angemjua. Ukiukuza ufae fremu, ni viraka vya rangi.

Nikapekua simu yangu. Mama ameweka kiganja usoni. Mama na kofia ya majani imemfunika mpaka puani. Mama na mvuke wa supu. Mama kitandani, uso umepinda. Nikampigia Trieu kumuuliza kama ana nyingine, akasema hana, na nyuma yake nikasikia zumari.

"Tulia, dada," Luat akasema. "Kuna mashine ya mtandaoni. Unaipa uso mdogo, inajaza yenyewe."

"Inajaza nini?"

"Kilichopotea."

"Inakijuaje?"

Akaivuta kibodi upande wake. Akakata uso, akautuma, na kabla sijafuta machozi vizuri ukarudi, mkubwa, safi, wa kutosha bango. Macho mawili yaliyofunguka sawasawa. Ngozi laini. Kidoa kimeondolewa kama uchafu. Tabasamu la mwanamke anayetangaza benki. Alikuwa mama mzuri sana yule, na mtoto wake, popote alipo, ana bahati.

"Siyo yeye."

"Amefanana, dada."

"Nimesema siyo yeye!"

Nikakaa nimrudishe kwa mkono wangu. Nikaivuta kope chini. Akawa mwanamke yule yule, amelewa. Nikaifanya iwe nzito zaidi, akawa anasinzia. Nikaweka kidoa; kikakaa kama inzi aliyetua. Miaka yote nimelipwa kufuta, na siku ile nikagundua sijui kurudisha hata kope moja. Brashi ilifuata mkono vizuri mno. Kila nilichokosea nilikiona papo hapo.

Trieu akapiga. "Dada, uko wapi? Saa imefika. Watu wanainamia jeneza lisilo na uso!"

"Picha imeharibika."

"Leta yoyote!"

Nikaondoa kope niliyochora, nikaondoa inzi, nikachapisha.

Walimsifia, bila shaka. Wanawake wa sokoni waliokula matusi yake kila siku walisimama mbele ya fremu wakatikisa vichwa. "Kumbe Bi Lanh alikuwa mzuri hivi!" Mjomba wangu akasema mauti humrudishia mtu ujana wake. Trieu alinikuta nimejibanza jikoni.

"Mbona amependeza? Unalia nini zaidi?"

"Siyo yeye, Trieu. Alisema asifutwe."

"Dada, leo usianze." Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, macho yamemvimba, na sikuwa na moyo wa kumpiga kwa maneno mengine.

Luat alikuja na shada kubwa kuliko yote. Alipiga magoti, akainama mpaka sakafuni, akalia kweli. Halafu, akidhani simwoni, akatoa simu na kuipiga picha ile fremu.

Nilielewa kwa nini niliporudi kazini. Kwenye kioo cha mbele cha studio palibandikwa nyuso mbili: kushoto mama yangu, viraka na ukungu, kulia yule mwanamke wa benki. Chini yake: TUNAREJESHA PICHA ZA WAZEE WAKO. HARAKA.

Nilimtukana mbele ya wateja. Nilimtukana mpaka nikakosa maneno, nikaazima ya mama.

"Sikuweka jina, dada," alisema taratibu. "Na fidia nilitaka kukupa, ukakataa. Nifanye nini tena?"

Alibandua ule upande wa kushoto. Wa kulia akauacha. Na watu wakaja. Walileta vitambulisho, picha zilizoliwa na mchwa, picha za simu zilizopigwa gizani, na nikawakabidhi akina baba na akina mama wenye macho yaliyofunguka sawasawa, nao wakashukuru mpaka wakainama. Msiniulize kwa nini sikuacha kazi. Studio ya ng'ambo ya mfereji nayo inatumia mashine ile ile ya kujaza nyuso. Wateja walipokuwa wengi, Luat akaniita kwa furaha nije nione: fundi alikuwa amefungua mashine yangu, anachomeka vipande vya memori, vipya, vimejaa kila tundu.

"Si ulikuwa unalia memori? Haya."

Siku hiyo kitu cha kwanza nilichofungua ni mama. Nikaukuza uso wake. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Mashine haikuwa na kitu cha kutafuta tena, ikanipa ukungu wote kwa mkupuo mmoja, na mimi, mjinga, nikakaa nikausubiri uondoke.

Nakala ile ndogo niliichapisha ilivyo, mama mzima na viatu vyake, uso kama ukucha. Siku ya mia tangu afe, tulipokusanyika kwa Trieu, niliisimamisha mezani mbele ya fremu kubwa. Trieu akaiona, akaniita pembeni.

"Mtu mmoja hawekewi picha mbili, dada. Roho itachanganyikiwa. Itakuja kwa ipi?"

"Kwa hii ndogo."

"Wageni wataionaje? Tafadhali."

Ni nyumba yake, na meza ni yake. Nikaitia mfukoni.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya meza, anazitazama zile fremu mbili, baba na kidevu chake, na yule mwanamke na macho yake mazuri. "Wanaendana," alisema. "Wamependezana kweli."

Nikapakua tambi. Nilizipika mwenyewe, kwa supu ya mama, na pilipili nyingi kama alivyopenda. Nikapanga mabakuli, nikaweka vijiti, nikawasha udi. Kisha nikasogea karibu na fremu ili Trieu asisikie.

"Kula, mama wa watu," nikasema. "Ukimwona wangu huko mlangoni, mwambie chakula kipo."

Watoto wa Trieu walinisikia, wakacheka. Nikawaacha wacheke.